Mkanda

Leo mume wangu amefungwa kwa kamba niliyoisuka mimi mwenyewe.

Ngojeni niwaambie.

Asubuhi nilikuwa mlangoni na kijiti changu cha kusukia, chenye panda, namalizia kamba ya katani ya ng'ombe wetu. Askari wakaingia. Serikali inasema mifugo yetu imezidi, na mume wangu, Baba Mutinda, alikuwa amemficha huyo ng'ombe bondeni.

Mkubwa wao akamfokea, "Twende kituoni! Vua mkanda!"

Kiswahili cha Baba Mutinda mnakijua. Yeye alisikia neno moja tu, mkanda, na kwetu Kikamba mkanda ni kamba. Akadhani wanataka ya kumfunga ng'ombe.

Akaitoa mkononi mwangu. Akawapa kwa mikono miwili, kwa heshima!

Walicheka hao watu, jamani. "Huyu amejiletea mwenyewe!" Wakamfunga nayo mikono. Mkanda wa kiunoni hata hawakuukumbuka tena.

Nyinyi mngemwambia nini? Mimi niliwafuata mbio mpaka njia ya kwenda Tawa, nikimlilia kwa Kikamba:

"Usivute! Hiyo nilimsukia ng'ombe. Ukivuta, inakaza."