Gari Lililopandwa kwa Ngazi ya Ghala

Msimu ule, kwetu juu ya Laare, kwenye vilima vya Nyambene, mvua haikunyesha; ilimwagwa. Barabara ya kupanda hadi nyumbani ilikuwa ya udongo mwekundu, na pikapu za miraa zilikuwa zimeichimba mifereji miwili yenye kina cha kumzika ndama. Katikati zikaacha mgongo wa udongo uliosimama kama nguruwe aliyeudhika. Gari likiingia humo, tumbo linakaa juu ya mgongo na magurudumu yanabaki yakiogelea hewani.

Mgongo huo ndio uliomnyima mama mkwe wangu ubatizo wa binti yetu wa kwanza. Alitoka kwao Siakago, kule chini kwenye joto na mtama, amejitanda leso mpya, kibuyu cha uji mapajani, ndani ya gari la kukodi. Gari likakalia ule mgongo chini ya kilima chetu, likakataa mbele na nyuma. Magoti yake hayangeweza kupanda kilima kwa miguu. Akangoja humo mpaka trekta ikaja kulivuta, na trekta ikalivuta kulirudisha lilikotoka. Tulipopata habari, ibada ilikuwa imekwisha na wali umeliwa. Mke wangu alilia, kisha akanyamaza. Nawaambia wanaume wenzangu, ogopeni kule kunyamaza.

Sasa alikuwa amejifungua tena, msichana mwingine. Wa kwanza alikuwa amerudisha jina la mama yangu. Huyu, kwa desturi ya kwao, alirudisha jina la mama yake.

"Baba watoto," akaniambia akimnyonyesha, bila hata kuniangalia, "mama asipomshika huyu kabla kasisi hajamshika, jina litakuwa la kuazima. Na mimi sibatizi jina la kuazima."

"Mama atakuja."

"Atakuja na nini? Na mabawa?"

Gari nilikuwa nalo. Lilikuwa fobaifo kuukuu, lile la kusukumwa na magurudumu yote manne, lenye mabenchi nyuma na mlango mmoja mkubwa wa nyuma. Kabla yangu lilikuwa la mpima ardhi, kisha la mwuza ng'ombe, kisha kuku wakalirithi wakatagia humo. Injini yake ilikuwa na nguvu za kuung'oa Mlima Kenya na kuupeleka Isiolo, lakini springi zilikuwa zimechoka, limeinama kama mtu anayetafuta sarafu. Lilikuwa na nguvu zote hizo na tumbo likiburuzika chini.

Nikaamua tuliinue. Ijulikane kwamba mimi ni mhitimu wa shule ya jioni. Mchana nilikuwa karani wa stoo ya mbolea, jioni nasomea fizikia mbele ya taa ya karabai, na mtihani niliupasi kwa kishindo kilichosikika hadi tarafa jirani. Wenzo, msuguano, kitovu cha uzito, vyote nilikuwa navyo kichwani. Mikono niliiazima kwa jirani yangu, fundi wa kuchomelea mageti, rika langu kabisa: tulitahiriwa msimu mmoja, na tangu hapo hajawahi kuniheshimu.

"Profesa wa karabai," akaniambia akiwa amelala chini ya gari, miguu tu nje, "unataka liinuke kiasi gani?"

"Kuku apite chini bila kuinama."

"Kuku hupita hata sasa. Si ndio wenye gari?"

"Basi mbuzi."

"Mwenye pembe au asiye na pembe?"

Nikawaza juu ya ule mgongo, nikawaza juu ya mke wangu aliyenyamaza. "Mwenye pembe."

Basi kipimo chetu kikawa beberu wangu mweupe, aliyefungwa kwenye mparachichi karibu na kazi ili apatikane akihitajika. Mainjinia wa nchi nyingine sijui hupima na nini. Sisi tulipima na beberu, na beberu hakosei.

Mjini Maua tulipata, kwa mzee mmoja wa vyuma chakavu, mabamba ya springi ya lori lililokufa. Alikuwa ametoka kuswali, akatutazama tukiyabeba na kuuliza, "Nyinyi vijana mnatengeneza gari au daraja?" Tukamwambia vyote viwili.

Lo, raha ya siku zile! Tulipandisha gari kwa jeki mbili, moja nzima na moja yenye kikohozi, tukalilaza juu ya magogo ya mkaratusi. Nati zilikuwa zimeshikwa na kutu tangu enzi za mkoloni; tulizinywesha mafuta ya taa, tukazipiga, tukaziimbia, mwisho fundi akazitukana kwa Kimeru cha ndani na ndipo zikalegea. Kila springi tukaiongezea mabamba mawili ya lori. Fundi akatengeneza sheko mpya ndefu, vile vipande vya chuma vinavyoshika springi kwenye chesisi. Shokapu za zamani, zile za kupunguza mtikisiko, zikawa fupi kama suruali ya mtoto aliyerefuka likizo, tukatafuta ndefu. Paipu za breki nazo hazikufika, tukaziunga. Hapo fundi hakutania. Alinikalisha nikanyage pedali mpaka mguu ukafa ganzi, naye akichungulia kila kiungo kama kinavuja. Mwisho tukalivisha matairi makubwa yenye meno ambayo simba angeyaonea wivu, na bodi ilipoyagusa tukaikata ukingo.

Siku ya kulishusha kutoka kwenye magogo kijiji kizima kilikuwapo, na nusu ya kijiji jirani. Jeki ikapumua, magurudumu yakagusa ardhi, springi zikalia kidogo, kisha gari likasimama. Jamani, lilisimama! Kivuli chake kilifika kwenye boma la ng'ombe.

"Leteni mkaguzi," fundi akasema.

Nikamfungua beberu. Mke wangu, mtoto mgongoni, akashika kitita cha majani ya viazi upande wa pili na kumwita. Beberu akatazama gari, akatutazama sisi, akapita chini pembe zikiwa wima kama mbunge anayeingia ukumbini. Watu wakapiga makofi. Mke wangu akacheka, kicheko chake cha kwanza tangu mvua ianze, nami nikajiona nimetunukiwa digrii. Jioni ile tulilipeleka kwenye mgongo wa barabara, nalo likapita juu yake bila kuukwaruza.

Jumamosi, siku moja kabla ya ubatizo, mimi na fundi tukateremka Siakago. Ndani ya gari lile unaona dunia kama anavyoiona mwewe. Kuanzia Chuka hadi Ishiara nilikuwa naona ndani ya nyua za watu, nikawajua wanaokula nyama na wanaojisingizia kufunga.

Mama mkwe alikuwa ameketi mbele ya nyumba, tayari, leso ileile, kibuyu kingine. Sasa lazima nieleze. Kwa watu wa umri wake, mkwe na mama mkwe wana nthoni baina yao, ile haya ya heshima. Hamgusani. Hamtazamani usoni. Neno likiwapo, hulipitisha kwa mtu mwingine, hata kama mmesimama hatua mbili. Nikasimama kando nikitazama kuku, kama inavyopasa.

Akainuka, akaja hadi nyuma ya gari. Fundi akafungua mlango. Sakafu ya gari ilikuwa usawa wa kidevu chake.

Akaitazama sakafu, kisha magoti yake.

"Wewe fundi," mama mkwe akasema, akimtazama mtu mwingine kabisa ambaye hakuwepo, "muulize mkwe wangu kama hili ni gari au ni ghala."

"Ni gari, mama."

"Ghala ndilo huinuliwa namna hii, panya wasifikie mtama. Muulize anaogopa panya gani."

Tumbo la gari tulilipima kwa beberu. Mlango hatukuupima kwa mtu yeyote. Katika fizikia yote ile ya karabai, hakuna mahali nilipomweka mwanamke mwenye magoti mabovu. Na jua lilikuwa linakwenda, na juu kule wingu la Nyambene halikai kumsubiri mtu.

"Msaidie apande," nikamnong'oneza fundi.

"Mimi? Mimi ni rika lako! Mkwe wako ni mkwe wangu. Nikimgusa, ni mbuzi wa faini kwangu na kwako."

Kweli, sheria ya rika haina mlango wa nyuma. Wakaitwa majirani, wanawake wawili wenye nguvu. Wakamshika kiunoni, wakahesabu, wakasukuma, wote watatu wakaangukiana wakicheka. Mama mkwe akajipangusa vumbi, lakini yeye hakucheka.

"Waambie mimi si gunia," akasema. Akaanza kurudi kwenye kigoda chake polepole, goti la kushoto likivuta. Nikaona mwaka ule mwingine ukirudi, na trekta yake, na kunyamaza kule. Moyo wangu ukashuka chini kuliko gari lilivyokuwa kabla hatujaligusa.

Karibu na kigoda akasimama. Upande wa ua kulikuwa na ghala lake la mtama juu ya miguu yake ya miti. Akalitazama, akalitazama gari.

"Fundi. Mwambie mkwe wangu kwamba ghala hupandwa kwa ngazi."

Tulikimbia kama watu waliosikia king'ora. Ngazi ya ghala, miti miwili na vidato vilivyolainishwa na miaka ya nyayo zake mwenyewe, tukaiegemeza mlangoni. Akapanda kama alivyopanda kila msimu wa mavuno, kidato kwa kidato, akaketi kwenye benchi, akashusha leso. Majirani wakapiga vigelegele. Nami nikakigeuza kioo cha ndani ya gari kitazame paa, nisije nikauona uso wake njiani, nikawasha injini.

Tulipopita Kianjai mvua ilitukuta. Tulipofika chini ya kilima chetu barabara ilikuwa mto wa chai ya rangi. Mgongo ulikuwa umevimba zaidi. Nikaingiza ile gia ndogo ya nguvu, magurudumu yote manne yakashika. Gari likayumba huku na huku, maana kitu kirefu huyumba. Fundi akashika dashibodi kwa mikono yote, na nyuma nikasikia sala ya mama mkwe, kwa Kimbeere cha kwao, ikienda kasi kuliko sisi. Pale lilipokwama lile gari la kukodi nikakaza mguu. Matope yakaruka hadi mbinguni, nadhani malaika walifua kanzu siku hiyo. Tumbo halikugusa.

"Mwambie mkwe wangu," sauti ikatoka nyuma, "asipunguze."

Sikupunguza.

Uani mke wangu alitoka mbio mvuani, mtoto ndani ya shuka. Fundi akafungua mlango wa nyuma, akageuka kuchukua ngazi juu ya keria ya paani. Juu ya keria hapakuwa na kitu. Kwa adabu yake njema, alikuwa ameirudisha ngazi kwenye ghala kabla hatujaondoka.

"Profesa," akaniambia taratibu, "usinipige mbele ya mkwe wetu."

Lakini mama mkwe hakuuliza ngazi. Alikuwa amepiga magoti pale mlangoni, yale magoti yake, mikono imenyooshwa.

"Mleteni," akasema, safari hii bila kumtuma mtu.

Mke wangu akamwinua mtoto juu kabisa, na mikono ile ikampokea. Nyanya akamtazama mwenye jina lake, akamtemea mate kidogo ya baraka kifuani, akaliita jina lao mara moja. Mtoto akapiga chafya. Halafu mke wangu naye akapanda, akikanyaga tairi, akivuta mlango, miguu peku imejaa matope, akalaza kichwa begani mwa mama yake. Akapanda binti yetu mkubwa. Akapanda mama yangu, akisukumwa na shangazi, kisha shangazi. Chai ikapitishwa juu kikombe kwa kikombe, na uji wa kibuyu ukamiminwa humo humo, na vicheko vikalitikisa gari juu ya springi za lori.

Mimi, mwenye gari, nisingeweza kuingia, maana mkwe hakai ana kwa ana na mama mkwe. Nilisimama nje nimeegemea tairi langu jipya, mvua ikiniingia kolani, na beberu, ambaye hana nthoni na mtu, alikuwa chini ya gari, mkavu kabisa.