Korongo Mwenye Pete wa Nyalenda

Mwaka ule, kabla gugumaji halijalifunika ziwa, baridi ya Ulaya lazima ilikuwa inakata watu masikio, maana ndege walimiminika kwetu kama wanaokimbia polisi. Abiria waliotoka Kendu Bay walisema korongo weupe wamejaa juu ya paa la msikiti. Wa Homa Bay wakasema huko wametua juu ya mti mpaka mti wenyewe ukakaa chini kupumzika. Na Ahero, kwenye mashamba ya mpunga, mtu akiamkia kulima aliona mawingu yamelala shambani.

Zuleha, mjane aliyekaanga na kuuza mgongo wazi pale mtaani Nyalenda, aliyasikiliza hayo huku akigeuza mifupa ya samaki aina ya mbuta kwenye mafuta. Minofu ya samaki hao ilishapanda ndege kwenda Ulaya. Asubuhi moja akamkuta korongo mmoja amesimama mlangoni, bawa limelegea, mguuni ana pete ya chuma.

"Huyu ni mume wa mtu," alisema jirani yake, Beldina. "Si unaona pete? Mama, utaletewa kesi."

"Basi mkewe aje amchukue. Mimi mgeni simfukuzi."

Akamfunga bawa kwa kipande cha leso, akampa matumbo ya samaki kwenye karai, akamwekea na maji. Bawa likapona, korongo akanenepa. Akawa anamfuata Zuleha bombani, anasimama kwenye foleni kwa mguu mmoja, na wallahi hakuna aliyethubutu kumruka.

Jioni, moshi wa majiko ukipanda na ziwa likigeuka rangi ya shaba, Zuleha alimsimulia habari za marehemu mumewe, Saleh. Korongo aligonga mdomo, ta-ta-ta, kama anayesema, ehe, endelea. Tangu Saleh azikwe, hakuna aliyemwambia endelea. Zuleha akaanza kumkatia vipande vikubwa zaidi.

Mvua za Machi zilipokaribia, Beldina alikuja na habari.

"Wenzake wanazunguka juu ya tambarare za Kano, Mama. Wanarudi kwao. Huyu wako umemlisha mpaka amekuwa kuku."

"Anapenda hapa."

"Anapenda karai! Na mkewe je?"

Beldina alicheka. Zuleha hakucheka. Chakula kwenye karai kilikuwa hakijaguswa, na korongo alikuwa amenyoosha shingo, anatazama juu, anatazama tu.

Kesho yake Zuleha hakuwasha jiko. Mgeni akiondoka husindikizwa, ndiyo adabu aliyolelewa nayo. Alimfunika korongo kwa leso, akamkumbatia, akatembea naye hadi tambarare za Kano. Waliomwona njiani wanaapa alibeba mtoto mchanga mwenye pua ndefu.

Huko, korongo walikuwa wanapanda na hewa ya moto, polepole, bila kupiga bawa, kama unga unaomwagika kuelekea mbinguni. Alimweka chini.

"Haya baba, nenda salama. Wasalimie."

Akageuka kurudi. Nyuma yake, taf, taf, taf. Akatazama: korongo huyu hapa.

"Si nimeshakuaga?"

Akapiga hatua tatu. Taf, taf, taf. Hapo roho yake ikamnong'oneza: nyamaza tu, tembea, atakufuata mpaka nyumbani, na jioni utasikia ta-ta-ta yako. Juu, wenzake walikuwa wanazidi kuwa wadogo.

Zuleha akavua patapata zake miguuni.

"Toka! Huna kwenu? Mlafi wewe, mke anangoja! Toka!"

Maisha yake yote hakuwahi kumwambia mgeni hivyo. Patapata ya kwanza ilimkosa. Ya pili ikampata mkiani. Korongo akaruka, akakimbia, akafungua mabawa, na ile hewa ya moto ikamdaka kama mama anavyodaka mtoto.

Alizunguka mara nyingi, akapotea katikati ya weupe wa wenzake. Zuleha, peku, mkono juu ya macho, hakumtambua tena. Basi akaendelea kuwatukana wote, mmoja mmoja, kwa sauti iliyokuwa inalainika, ili korongo wake asikose fungu lake.