Jinsi watu saba wa Matrah tulivyojiandaa kwenda kulala kwenye vitanda viwili Norfolk

Wakuu salaam, na nyinyi mnaosoma kimya kimya bila kujisajili, salaam pia.

Haya ninayoyaleta yalitokea. Pale kumbukumbu ilipochoka nitasema imechoka, sitaijazia maneno.

Nianze kwa kuungama.

Kwa zaidi ya miaka arobaini, kila Norfolk ikitajwa nyumbani, nimekuwa nikisema sikuwa na haja ya kwenda. Nimelisema hilo harusini, nimelisema matangani, na mara moja nikaliandika kwenye makala, kwa Kiswahili safi kabisa.

Uongo. Niliitaka safari ile mpaka nikawa naota mvua.

Mwaka ni 1970, mwanzoni. Mimi ni msichana wa miaka kumi na minne. Tunakaa Matrah, Oman, mimi na mama, kwa mjomba wangu Khalfan. Leo nipo Madinat Sultan Qaboos, hapa Muscat, naandika haya mbele ya kiyoyozi, lakini wakati ule kiyoyozi chetu kilikuwa shuka lililoloweshwa maji.

Tulitoka Unguja mwaka 1964, mimi nikiwa mdogo. Tukakaa Mombasa kwanza, ndipo tukaja kwa mjomba. Kaka yangu Nassor yeye alifika Uingereza. Alikuwa anasomea uuguzi, na akapanga kwa mjane mmoja kwenye kijiji cha pwani, Norfolk.

Kwa hiyo mama alikuwa hajamtia machoni mwanawe wa kiume kwa miaka sita.

Kuna jambo moja mlijue kabla hatujaendelea. Mama alikuwa msomaji mzuri, lakini wa herufi za Kiarabu. Nassor akiandika kwa herufi za Kizungu, ati kwa haraka. Nyumba nzima aliyezijua hizo ni mimi. Barua zikiingia nasoma mimi, zikitoka naandika mimi. Nilikuwa posta, na baadhi ya siku nilikuwa pia mkaguzi wa posta.

Mwezi wa tatu ikaja barua. Nassor kaandika kwamba mwanzo wa kiangazi cha kule, mwezi wa sita, yule mjane mwenye nyumba amekubali kumpokea mama yetu kwa wiki tatu. Kuna chumba cha wageni chenye vitanda viwili vidogo. "Mama aje na wewe," aliniandikia, "na kibali cha kusafiri muanze kukishughulikia sasa."

Mama na mimi. Niliisoma sentensi ile mara tatu kabla ya kumsomea mama, nihakikishe haitobadilika.

Mkosi ulianza kwa adabu.

Sisi watu wetu hatuna tabia ya kusema "nasafiri" tukaishia hapo. Mtu akikuuliza, unamwambia unasafiri, halafu unaongeza, "Karibu tufuatane." Naye anajibu, "Ahsante, Mungu akipenda siku nyingine." Kila mmoja karidhika, hakuna aliyetoka mlangoni.

Mama akamkaribisha Shangazi Zuena, dada wa marehemu baba, aliyekuwa akikaa Hail. Shangazi alifikiri kidogo, akajipepea, akatazama jua lililoko nje. Akasema, "Haya. Tufuatane."

Mama akatabasamu. Mimi nilikuwepo, lilikuwa tabasamu la mtu aliyekanyagwa mguu na mgeni.

Kisha jirani yetu Bi Salma akakaribishwa, naye akasema haya, pamoja na binti zake wawili maana hawezi kuwaacha. Kisha Mjomba Khalfan, ambaye hakukaribishwa na mtu, akasema wanawake sita hawawezi kwenda Ulaya bila mwanamume.

Hesabuni wenyewe. Saba.

Jioni ikawa ni kikao. Nassor alikuwa ametuletea postikadi ya ufukwe wa kule, watu wamekaa kwenye viti wakiitazama bahari, wote wamevaa makoti. Shangazi aliigeuzageuza.

"Hawa wako pwani au wako mazikoni?" akauliza.

Nikamweleza kwamba hiyo ndiyo pwani yao, na hicho ndicho kiangazi. Akasema basi kipupwe chao asikione.

Mjomba alikuwa na taabu nyingine. Nassor alishawahi kuandika kwamba mwezi wa sita jua la kule linatua saa tatu na robo usiku. Mjomba alilikataa jambo hilo kabisa. Alisema magharibi ni saa kumi na mbili, tangu dunia iumbwe. Nadhani alikuwa anakwenda Norfolk kulikamata jua.

Shangazi akataka kuchukua mbuzi yake ya kukunia nazi. Nikamwambia Norfolk hakuna nazi. Akanitazama kama aliyekosa malezi. "Ndiyo maana n'tachukua na nazi."

Mimi nacheka na wenzangu. Lakini kwenye barua nilikuwa bado namwandikia Nassor "mama na mimi". Nilijua nikimwandikia saba safari itakufa, na nikijaribu kupunguza watu, wa kwanza kupunguzwa ni mtoto. Nikaamua kutoandika. Huo ndio ulikuwa mpango wangu wote, wakuu. Baadaye nilikwenda chuo kikuu, na sikupata mpango mwingine bora zaidi.

Siku moja nikamwendea mama jikoni. Nikamsomea tena ile barua, taratibu, mpaka kwenye vitanda viwili. Nikamwambia awaambie wenzake.

Alimaliza kuchambua mchele, akaukung'uta ungo. Kisha akasema, "Mimi nimwambie wifi yangu kuwa n'limkaribisha kwa ulimi tu? Bora nisende."

Na hakuwa anatania. Nilimjua mama. Miaka sita, na angekaa wa saba na wa nane, lakini neno "karibu" asingelirudisha.

Mwezi wa tano Nassor akaleta telegramu. Atapiga simu Alkhamisi asubuhi, kwenye ofisi ya mfanyabiashara mmoja hapo Matrah aliyekuwa rafiki wa mjomba. Anataka kujua ni nani hasa wanaokuja, ili amwambie mwenye nyumba, na kibali kiombwe kwa majina hayo.

Kabla sijaingia ofisini, niweke somo hapa hapa, maana baada ya simu sina la kuongeza. Nililojifunza ni kwamba watu wetu wanaweza kusamehe kunyimwa, mradi wamenyimwa wote sawasawa. Kupewa mmoja ndiko kunakoleta maneno ya miaka thelathini. Kama kwenu ni tofauti, andikeni hapo chini, na kama mna safari yenu iliyoharibiwa na ukarimu, ileteni. Povu pia napokea, niko nyumbani.

Tukaenda wote saba, na buibui za kutokea. Ofisi ilikuwa na viti vinne.

Simu ikalia. Mama akashika, akasalimia, akauliza hali, akasalimia tena, kisha akalia. Dakika zinakwenda. Akanipa mimi mkono wa simu.

Nassor akaniuliza mko wangapi, useme kweli. Nikamjibu kwa Kiingereza, maana pale hakuna aliyekijua zaidi yetu. Nikamwambia saba, nikamtajia majina.

Nilisikia mvumo tu, kama mtu anayevuta gunia sakafuni.

Kisha kaka yangu, mwanamume mzima, muuguzi, aliyekaa na Wazungu miaka sita, akasema, "Waambie karibuni wote. Mimi n'tatafuta pa kulala."

Hata yeye hakuweza.

Niliushusha mkono wa simu kifuani. Wote wananitazama. Shangazi kashika pochi yake kwa mikono miwili. Mama hakunitazama mimi, alikuwa akiitazama simu.

"Kasemaje?" Mjomba akauliza.

Ningesema mama na mimi, na ingekuwa kweli ya barua. Lakini nikamwona Shangazi. Mimi niende, yeye dada wa baba abaki? Mama angefuta safari kabla hatujafika mlangoni.

"Kitanda ni kimoja," nikasema. "Kasema aje mama peke yake."

Bi Salma akawatazama binti zake.

"Hata wewe?" Shangazi akaniuliza.

"Hata mimi."

Akapumua. Akamgeukia mama, akamwekea mkono begani. "Nenda wifi," akasema. "Nenda umwone mtoto. Sisi tutakwenda siku nyingine."

Mama akasema ahsante.

Nikaurudisha mkono wa simu sikioni nikidhani laini imeshakatika. Nassor alikuwa bado yupo.

"Nimesikia," akasema. Kisha akaniuliza mama anavaa kiatu namba ngapi, kwani kule kuna tope.

Nikamtajia namba.