Ubongo Usio na Mikunjo

Siku niliyopasua kichwa cha mbuzi ambaye hajazaliwa naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa ningependa niisahau. Ilikuwa kijijini Idete, miaka ya hamsini, mpunga umeshavunwa. Mtoto wangu wa kwanza, Daudi, alikuwa na miaka mitatu na hajatamka neno. Moyoni nilikwisha kumhukumu jirani yetu, mjane Mama Agata, kuwa ndiye aliyemroga. Kosa lake? Alipenda mno kumbeba.

Nilinunua mbuzi kwake kwa ajili ya sikukuu, nikamchinja, nikakuta ana mimba. Mwenye shaka hakosi ushahidi. Nilipasua vichwa vyote viwili: ubongo wa mbuzi mama ulikuwa na mikunjo yake. Wa kitoto cha tumboni ulikuwa laini kama yai lililomenywa. Nikatangaza kwamba akili imefutwa, kama ya Daudi. Ukoo ukasema lisemwalo lipo, na kesho yake Mama Agata apelekwe ng'ambo ya mto kwa mganga, anyolewe nywele zote ili uchawi umtoke. Aliyenyolewa huko, mwanangu, hurudi na jina asiloweza kulifuta.

Bibi yangu alikuwa akishona mkeka. Hakubishana nami. Alichukua ukili mrefu, ule ukanda uliosukwa wa kuungia mkeka, akaushona kwa kuusukuma kwenye ukingo uliokuwa mfupi. Ukili ukajikunjakunja.

"Nani kaukunja?" akauliza.

"Hakuna, Bibi."

"Wa nje umezidi, wa ndani umeushika. Ubongo nao ni hivyo: nimepasua vichwa vya mbuzi wa mimba changa na vya waliokaribia kuzaliwa. Wa mimba changa hana mikunjo, aliyekaribia kuzaliwa anayo. Wewe umeona mmoja tu, ukapata mchawi."

Miaka mingi baadaye mjukuu wangu aliyesomea udaktari aliniambia vivyo hivyo: chembe hai za tabaka la juu la ubongo huongezeka upesi kuliko sehemu ya ndani, basi tabaka hilo hukosa pa kwenda, likajikunja.

Siku ileile ya mkeka nilikimbia kwa Mama Agata. Alikuwa mlangoni, kichwa kitupu, wembe mkononi. Nilimwamkia, hakuitika marahaba.

"Nimejinyoa mwenyewe, baba. Waambie wasisumbuke."

Niliona aibu ambayo haijanitoka. Wiki ile akahamia kijiji cha Mbingu. Mwaka uliofuata Daudi akasema neno lake la kwanza. Alisema "Agata", akiangalia mlango wa yule mjane uliofungwa.

Majuto ni mjukuu, mwanangu. Moyo ukikuonyesha mchawi, ushuku moyo wako kwanza, kisha uliza aliyeona wengi. Mungu akupe macho ya subira, na jirani yako asikuogope kamwe.