Sweta Iliyopimwa kwa Mikono

Kwa miaka sita Benedeta alimfahamu mkwewe kwa mgongo tu. Upande wa mbele hakuujua vizuri, na hakutaka kuujua. Kwa Wasamia wa Lunyo alikotoka yeye, na kwa Wapadhola wa Sop Sop alikotoka mkwe, mama na mume wa binti yake wakikutana njiani lazima mmoja apotee. Kwa kawaida aliyepotea alikuwa mkwe, Odoi. Akimwona mama mkwe kwa mbali alizima pikipiki, akaingia shamba la muhogo la watu asiowajua, akasimama humo akichunguza majani kama bwana shamba mpaka mama apite. Mara mbili wenye shamba walimfukuza wakidhani ni mwizi. Hakujitetea. Angeanza kueleza kwamba anamkimbia mama mkwe, angelazimika kugeuka na kumwonyesha kidole, na hiyo ingekuwa aibu kubwa kuliko wizi.

Benedeta anauza kamba mjini Busia, upande wa Uganda, karibu na pale malori yanapopanga foleni kungoja kuvuka. Ana za katani, ana za nailoni, ana za mpira za kufungia mizigo kwenye baiskeli. Hana rula wala futi. Anashika ncha ya kamba kwa mkono wa kushoto, anatandaza mikono yote miwili kama aliyesulubiwa, na hiyo ni pima moja. Katika miaka ishirini na miwili hajarudi dereva hata mmoja kudai kwamba kamba imepunjwa. Wala hajawahi kumwongezea mtu shubiri moja, awe jirani, awe katekista.

"Mikono yangu hapana jua rafiki," huwaambia.

Odoi ni boda wa steji ya Busitema. Anabeba wanafunzi wa chuo, walimu wao, na mara nyingine kuku wa walimu wao, kuwaleta Busia au kuwapeleka Tororo. Asubuhi upepo wa barabara kuu unapenya mpaka kwenye meno, kwa hiyo Odoi, kama wenzake wote, alijinunulia koti la mitumba. Lilikuwa la kike, la rangi ya waridi, lenye manyoya shingoni, lililoshonewa mama fulani wa Ulaya aliyejaliwa kifua. Hakuna anayemcheka boda kwa koti. Nusu ya steji ya Busitema huamka imevaa kama wajane wa Kizungu wanaokwenda kusomewa wosia, na abiria wanapanda bila kusema neno.

Aliyecheka ni Bridgit peke yake. Bridgit ni Mkenya anayevuka mpaka kila asubuhi na ndoo ya uji kichwani, kisha huketi ubavuni mwa Benedeta mpaka ndoo iishe. "Mama Shallon," alikuwa akimwambia, kwa jina la binti yake, kila koti la waridi lilipopita, "mzungu wako huyo ameenda."

Benedeta aliendelea kukunja kamba. Alikuwa na deni la mdomo kwa mwenye koti hilo, na hakujua angelilipaje.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa pili alikwenda kwao Lunyo kulima, malaria ikamkuta huko. Siku ya tatu alianza kuwaita kwa majina watu waliozikwa zamani. Binti yake Shallon, aliyekuwa amekuja kumsalimia, alitafuta gari, gari likakosekana. Pikipiki ilipatikana upesi, lakini mwenye pikipiki alikuwa mkwe. Majirani wakakaa kikao pale uani. Mama akifa ni vibaya, walisema, na mama akimkumbatia mkwewe kutoka Lunyo hadi hospitali ya Masafu ni vibaya pia. Wakajadili kwa utulivu lipi ni baya zaidi. Walioona kwamba ni kufa walishinda kwa kura chache. Shallon akaachiwa apange namna ya kupakia, na mgonjwa akaondoka.

Benedeta alipopata nafuu hospitalini alikumbuka mambo matatu tu ya safari ile: mashimo ya barabara, mikono yake ikiwa imezunguka kitu na kushikana mbele, na joto. Mgongo ule ulikuwa wa moto kama wa mtoto aliyelala.

Tangu siku hiyo alitembea na mizigo miwili. Wa kwanza ni shukrani, ambayo mila haikumwachia mlango wa kuitolea. Wa pili ni aibu, ambayo hakumwambia hata padri, maana padri alikuwa kijana aliyesoma mbali na angemuuliza dhambi yenyewe iko wapi. Usiku alisali rozari kwa ajili ya mikono yake, mchana akapimia watu kamba kwa mikono hiyohiyo.

Mwishowe akaamua kufuma sweta. Sweta ingesema asante bila mtu kufungua mdomo, tena ingemvua mkwe lile koti la mjane. Kufuma alifundishwa na watawa akiwa na miaka kumi na miwili, na mara ya mwisho alifuma kabla Shallon hajazaliwa, lakini aliamini kwamba ufumaji ni kama Baba Yetu, hausahauliki. Alinoa vyuma viwili vya gurudumu la baiskeli viwe sindano. Bridgit akamletea sufu kutoka upande wa pili, rangi ya damu ya mzee, huku akimkumbusha kwamba mitumba imejaa masweta mazuri yaliyokwisha kujaribiwa kwenye theluji. Benedeta akajibu kwamba kitu cha mitumba kimekwisha kumshukuru mtu mwingine.

Likabaki suala la kipimo. Kumtuma mtu na futi haikuwezekana. Mwanamke anayeuliza upana wa kifua cha mkwewe hana maelezo mazuri ya kutoa. Basi asubuhi moja alisimama nyuma ya meza yake, akafumba macho, akanyoosha mikono mbele, akairudisha polepole mpaka pale ilipokuwa siku ile ya pikipiki. Akamwambia Bridgit azungushe kamba humo ndani na kukata. Ilikuwa pima moja kasoro shubiri. Benedeta aliitazama kamba kwa muda. Kwa mbali Odoi alionekana mwembamba kama mti wa bendera, lakini macho hayajawahi kuuza kamba. Akahitimisha kwamba binti yake anamlisha vizuri.

Alifuma miezi mitatu. Wateja walingoja amalize mstari ndipo awapimie. Sufu iliisha sweta ikiwa imefika tumboni, na ile aliyoongezea ilikuwa damu ya mzee mwingine, mgonjwa kidogo, kwa hiyo sweta ikapata mkanda wa rangi ambao haukukusudiwa. Siku aliyoimaliza aliitandika juu ya meza. Meza haikuonekana tena. Bridgit alikuwa akimimina uji. Akaumimina mpaka mwisho, akafunika ndoo, akaitazama sweta kuanzia bega la Uganda hadi bega la Kenya.

"Hii ni ya Odoi na nani?"

Benedeta alisema sufu ikioga maji moto hunywea. Akaichemsha jioni hiyohiyo. Asubuhi ilikuwa imerefuka.

Aliketi nayo mapajani kama mtu aliyekabidhiwa maiti. Haikuwa sweta mbaya kwa maana ya mashimo au nyuzi zilizoachia. Ilikuwa imefumwa imara, safu kwa safu, kwa mtu asiyekuwapo duniani. Lakini miezi mitatu ni miezi mitatu, na anayefuata nyuki muda wote huo harudi bila asali. Akaifunga kwa kamba, akaituma Busitema.

Odoi akaivaa. Angefanyaje? Zawadi ya mama mkwe haina mahali pa kurudishwa. Na kwa kuwa ndani mlikuwa na nafasi, aliivaa juu ya koti la waridi, manyoya yakachungulia shingoni. Pale barabara inapoteremka upepo uliingilia chini na kutokea popote ulipopata njia, na sweta ikavimba, na pikipiki ikaanza kupitwa na baiskeli. Mwalimu mmoja wa chuo alishuka Busia akisema amesafiri safari nzima akiwa gizani. Wanafunzi wakaanza kuchagua boda wengine. Steji nzima ilijua, na Odoi alijua, lakini kila asubuhi aliinua mikono akaingia humo kama mtu anayeingia hema la mkutano wa injili.

Ndipo Shallon alipopanda gari hadi Busia siku ya Jumatano. Alimsalimia mama yake kwa magoti, akapokea uji wa Bridgit, akaunywa wote kabla hajaanza. Kisha akauliza kwa adabu sweta ilipimwa kwa nani.

"Kwa yeye mwenyewe," alisema Benedeta. "Na mikono yangu."

"Lini, mama?"

Benedeta aliinama akajifanya anafungua fundo ambalo halikuwapo. "Siku ile ya pikipiki."

Shallon aliweka kikombe chini. Alimtazama mama yake, akamtazama Bridgit, akarudi kwa mama yake.

"Mama, siku ile katikati yenu niliweka gunia la unga."

Akaeleza. Wazee wa kile kikao walikuwa wamekubali kwa sharti moja, kwamba ngozi isiguse ngozi wala nguo isiguse nguo. Palikuwa na gunia la unga wa muhogo limetoka kusagwa muda huohuo. Akalisimamisha nyuma ya Odoi, akamkalisha mama nyuma ya gunia, akaipitisha mikono yake kuzunguka vyote viwili, mtu na unga, kisha yeye mwenyewe akaketi nyuma kabisa akimshikilia mama asianguke. Walifika Masafu hivyo. Manesi walimlaza mama, wakauliza gunia ni la nani.

"Ilikuwa ya moto," alisema Benedeta.

"Ilikuwa imetoka mashineni."

Bridgit alilazimika kuondoka akaenda kusimama nyuma ya lori. Walimsikia huko.

Benedeta aliitandaza mikono yake mbele akaitazama, kiganja kimoja na kingine. Miezi yote hii alikuwa akilisalia rozari gunia la unga. Hakuwa amemgusa mkwe hata kidogo. Mzigo wa aibu ukashuka bila kelele. Tena, na hili alihakikisha Bridgit amelisikia aliporudi akifuta macho, mikono haikukosea. Ilipima kila ilichowekewa, bila kupunja.

Ule mzigo wa shukrani, hata hivyo, ulibaki palepale, na sasa ulikuwa umevaa sweta inayopitwa na baiskeli.

Shallon alishauri ifumuliwe, ifumwe upya ndogo. Benedeta alifikiria miezi mitatu mingine, akafikiria na vile vyuma vya baiskeli vilivyomtoboa kidole gumba. "Hapana," alisema. "Imenishinda. Naacha." Lilikuwa neno ambalo hakulizoea, na alilisema kama mtu anayeonja dawa, akaona si kali sana. Lakini Shallon akasema kuacha kwake peke yake hakutoshi. Amekwisha kumwambia mumewe mara mbili aivue. Odoi amemjibu kwamba kinywa cha mke si kinywa cha mama mkwe. Aliyevisha ndiye avue.

Ijumaa Odoi alileta abiria mpakani. Bridgit, ambaye si mkwe wa mtu yeyote upande huu na kwa hiyo ana uhuru wa punda, alisimama barabarani akamkamata usukani na kumvuta hadi kwenye meza ya kamba. Odoi alipoona amefikishwa wapi aligeuka akatazama malori. Benedeta naye alikwisha kugeuka, akatazama ukuta. Kati ya migongo hiyo miwili akasimama Bridgit na kata ya uji mkononi.

"Bridgit," Benedeta aliuambia ukuta, "ambia huyo mutu avue ile sweta."

Bridgit hakuwa na haja ya kurudia, lakini alirudia, maana kazi ni kazi.

"Mwambie mama," Odoi aliyaambia malori, "sweta haina shida. Ina hewa."

"Ambia yeye iko na hewa ya watu watatu. Mimi nilipima yeye pamoja na unga. Avue, roho yangu iko sawa."

Kisha wakasikia sufu ikipita kichwani kwa mtu, muda mrefu, kama pazia la kanisa likishushwa. Bridgit akaipokea. Benedeta alibaki ameutazama ukuta, na ilionekana mambo yamekwisha, kwa sababu Odoi alikwisha kuweka mguu kwenye kiki ya kuwashia pikipiki.

"Bridgit. Ambia yeye ile siku ya Masafu." Akaukwaruza ukuta kwa kucha. "Ambia yeye asante."

Safari hii Bridgit hakurudia. Odoi alitoa mguu kwenye kiki. Aliinamia tangi la petroli, akalifuta vumbi lisilokuwapo.

"Mwambie mama," alisema, "hata unga haukumwagika."

Akawasha pikipiki akaenda, mwembamba, wa waridi.

Sweta ilibaki mikononi mwa Bridgit. Aliigeuza, akaitazama ndoo yake ya uji, akaivisha. Ilikaa sawasawa, mkanda wa rangi ukazunguka katikati kama kwamba ulipangwa, na ile mikono akaifunga fundo ikawa mshikio. Uji ule sasa unakaa na moto mpaka saa tano. Wateja wakiuliza ndoo imepata wapi fundi, anawaonyesha kwa kidevu meza ya kamba, na Benedeta haoni vibaya.

Jumamosi Benedeta alikwenda mitumba kwa Paddy, akafukua rundo la makoti ya kike mpaka akapata la zambarau, zito, lenye mkanda na vifungo vinavyong'aa. Paddy alimuuliza la nani. La mkwe, alisema, na Paddy, ambaye amewavisha boda wa wilaya nzima, aliuliza tu kama atapenda lenye kofia. Benedeta hakulipima kwa futi. Alifumba macho katikati ya soko, akanyoosha mikono, akairudisha mpaka pale pa siku ile, akatulia kidogo, kisha akaendelea kuikaribisha, polepole, kama mtu anayesukuma kitu kitoke. Alipofika alipotaka alifumbua macho akaingiza koti humo.

Jumatatu Shallon alipiga simu. Alisema mumewe, Baba Patience, ameondoka nalo asubuhi, limemkaa kama la kushonewa, na steji inataka kujua mama alijuaje kipimo.

"Nilitoa unga," alisema Benedeta, akakata simu, maana kulikuwa na dereva anangoja pima nne.