Niliambiwa bajeti ya kongamano imekwisha, nikawakuta walioimaliza wako Diani

Wakuu, assalaam aleikum, na msiosalimiwa hivyo, habari za saa hizi.

Haya mambo nimeyameza miezi kadhaa. Leo nayatema. Yamenipata mwenyewe na sijatia chumvi. Jina la shule, la ofisi na la hoteli nimeyaacha makusudi, kwa sababu riziki yangu bado iko hapo hapo.

Mimi ni mwalimu wa watoto viziwi, upande wa Kikoneni, ndani huko. Kitengo chetu ni darasa moja, watoto kumi na wanne, mwalimu mmoja. Huyo mmoja ndiye mimi.

Mwaka wangu wa kwanza nilipokea mtoto aitwaye Mwanamisi. Kila ikifika saa nne azungusha kiganja tumboni. Mimi na elimu yangu ya chuo nikaona huyu ana njaa, nampa uji. Asukuma kikombe, alia. Wiki tatu ni hivyo hivyo.

Nikamfuata mpaka kwao. Bibi yake akacheka kwanza, kisha akanionea huruma.

"Mwalimu, huyu akizungusha mkono tumboni ataka maji. Ndivyo tulivyozoeana naye hapa nyumbani tangu mdogo."

Mtoto alikuwa na kiu wiki tatu nzima, wakuu, na mwalimu wake ana cheti ukutani.

Tangu siku ile, kila Jumamosi nikawa nazunguka nyumba za wanafunzi wangu. Nauliza mama, nauliza bibi: huyu akitaka kulala afanya vipi? Akiumwa? Akimkumbuka babake? Nachora mikono daftarini. Kisha darasani naanza na ile ishara ya nyumbani, naivusha pole pole hadi ishara rasmi ya shule. Watoto waliokuwa wakikaa mwaka mzima kimya wakawa wabishana baada ya muhula mmoja. Kubishana kabisa! Mwalimu yeyote wa viziwi ajua hiyo ni furaha gani.

Sasa, rafiki yangu wa chuoni akaniambia kuna kongamano la walimu wa viziwi, siku tatu, hotelini Diani. Niandike abstract, yaani muhtasari wa nitakachowasilisha. Nikaiandika kwa simu, nimesimama nyuma ya jiko la shule, maana ndipo penye network. Ikakubaliwa. Dakika kumi na tano, siku ya pili.

Niliruka kama mtoto. Kisha ndiyo nikakumbuka kwamba kuna ada ya ushiriki, na kuna ruhusa ya kuacha darasa.

Mwalimu mkuu wetu ni mtu mwema lakini huogopa karatasi kuliko nyoka.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Hongera sana, mwanangu. Lakini hawa watoto nimwachie nani? Na fedha mimi sina. Nenda ofisi ya elimu ukaulize."

Nikaenda ofisini. Mara ya kwanza bosi hayuko, yuko semina. Mara ya pili barua niliyoiacha haionekani, niandike nyingine. Kumbukeni kila safari hiyo ni siku nimewaacha watoto wakipaka rangi tu, kwa sababu hakuna mwengine wa kuzungumza nao.

Mara ya tatu nikamkuta. Kiti hakunipa.

"Mwalimu, bajeti ya makongamano imekwisha. Halafu nyinyi wa darasani mwaenda kusema nini kule? Yale ni mambo ya sera."

Nikamwambia, "Bosi, ni dakika kumi na tano tu. Na ni hapa hapa Diani."

"Ndiyo hivyo. Diani ni nyumbani. Ukitaka kuiona bahari, nenda Jumapili."

Karani wake akacheka. Nikateremka zile ngazi.

Wacha niseme kitu kwa wale wanaopitia haya. Nilipokata tamaa niliwaandikia waandalizi nikawaeleza ukweli wote. Baada ya siku mbili wakajibu kwamba mwenye kuwasilisha asiye na mfadhili husamehewa ada. Husamehewa! Kumbe ilikuwa kuuliza tu, na ofisi nzima hakuna aliyeniambia.

Ikabaki ruhusa. Mwalimu Kadzo wa darasa la nne, ambaye hujifunza ishara kwangu wakati wa mapumziko, akasema, "Nenda wewe. Siku moja nitaiweza. Wakinishinda tutachora." Mwalimu mkuu akakuna kichwa, akasema haya, lakini siku moja tu. Alisema kwa mdomo. Sikudai karatasi, na hilo ni kosa langu.

Siku yenyewe nikafika saa tatu asubuhi, daftari langu mkobani. Dada wa mapokezi akanitafutia beji, akasema kwa uzuri tu, "Kumbe leo mumekuja wengi kutoka kwenu!"

Nikachungulia karatasi yake.

Watu saba wa ofisi yetu, na bosi ndiye wa kwanza. Mhasibu yumo. Mtu wa ununuzi yumo. Karani aliyenicheka yumo. Mwalimu wa viziwi hata mmoja hayumo. Wote wamelipiwa siku tatu, kulala na kula, kwa ile bajeti iliyokwisha.

Nilisimama pale nikahisi masikio yawaka moto. Nikajituliza: haidhuru, angalau watanisikia.

Ikafika saa tano, zamu yangu. Ukumbini watu tisa. Nikamuuliza kijana wa vipaza sauti, wenzangu wa ofisi yetu wako wapi?

"Wale? Wamekwenda ziara ya kisiwa cha Chale, mwalimu. Boti imeondoka kitambo."

Na mkalimani wa lugha ya ishara alikuwa amepelekwa ukumbi mkubwa, kwa wakubwa. Mbele yangu ameketi mwalimu ambaye mwenyewe ni kiziwi, Mwalimu Wekesa, ametoka bara. Fikirini: kongamano la viziwi, na kiziwi hana wa kumtafsiria.

Nikakiweka kipaza sauti chini. Nikasema kwa sauti na kwa mikono pamoja, dakika zote kumi na tano. Jasho lanitoka.

Nilipomaliza, Mwalimu Wekesa akainuka akaongea kwa mikono, na mimi nikawatafsiria wengine:

"Mimi pia nilikuwa na ishara za nyumbani kwetu. Shuleni walinichapa vidole mpaka nikaziacha. Leo ndiyo mara ya kwanza naona mwalimu amekwenda mwenyewe kuziokota."

Watu tisa wale walisimama wote.

Saa tisa wenye boti wakarudi, mchanga miguuni, kofia mpya kichwani. Bosi akaniona karibu na bango la kongamano.

"Ah, mwalimu! Nasikia umetuwakilisha vyema. Njoo hapa katikati tupige picha, ya ripoti."

Wakajipanga. Nafasi ya katikati wameniachia. Mpiga picha yuko tayari.

Sikupanga la kusema, lilitoka lenyewe. "Samahani bosi. Mimi sikuja na nyinyi. Na leo si Jumapili."

Nikachukua mkoba wangu nikaondoka.

Wiki iliyofuata ikaja barua: nijieleze kwa nini niliondoka kazini bila ruhusa.

Nikaipeleka kwa mwalimu mkuu. Nilijua atajitoa. Ruhusa ilikuwa ya mdomo, na yeye amebakisha miaka michache astaafu. Akaisoma mara mbili. Akavua miwani.

"Hii nitaijibu mimi."

Akaandika kwa mkono wake, mbele yangu: nilimruhusu mimi, na kama kuna kosa ni langu. Akatia sahihi, akagonga muhuri wa shule mpaka meza ikalia.

Mpaka leo ofisi haijajibu. Ripoti yao nasikia ilipita, na picha ya watu saba ndani. Daftari langu nalo nilimpa Mwalimu Wekesa akalipiga chapa, na shule yao hulitumia.

Nilichojifunza? Waandikie waandalizi moja kwa moja, ofisi isiwe mlango wako wa pekee. Ruhusa iwe ya maandishi, hata kama bosi wako ni malaika. Na mwenzako akikushikia darasa, nawe mshikie lake. Mwaka huu aendaye ni Kadzo, mimi nabaki na darasa la nne.

Lakini hasira haijanitoka, wakuu, na sitaki initoke. Zile nafasi zilitengwa kwa ajili ya watoto, na watu wakazipandia boti.

Wauguzi, maafisa wa kilimo, watu wa maabara, kwenu ni hivi hivi? Aliyepata njia nyingine aitupe hapa chini itusaidie.

Na kama kuna bosi asoma hapa: mimi sijataja jina la mtu. Ukijiona humu, umejitaja mwenyewe.