Nafasi ya Mama Pasi Kwenye Santuri

Asubuhi ile Mama Pasi aliamka kabla ya mumewe, kama kawaida. Alikuwa dobi. Alijaza maji mdomoni, akayapuliza juu ya shati la watu, pasi ikapita ikilia chiii. Mzee alikuwa ukingoni mwa kitanda, anatafuta kiatu.

"Mpiga besi mzima, kiatu kimekushinda."

"Umekificha wewe."

"Nikifiche nikivae? Mguu wenyewe kama mtumbwi. Kunywa chai twende."

Walikuwa wanakwenda studio. Vijana wa rege walikuwa wanatengeneza santuri ya waimbaji wengi juu ya mdundo mmoja. Bendi iliupiga mara moja tu, besi ikiwa ya mzee. Halafu kila mwimbaji aliingia kwa zamu na maneno yake, mdundo uleule. Mama Pasi hakuwa mtu wa jukwaani. Aliimba akipiga pasi, miaka yote, na mzee ndiye aliyewaambia vijana wamwite.

Aliimba habari za nguo za watu: mashati ya maharusi, mashuka ya wagonjwa, zote zimepita mkononi mwake. Alipomaliza, vijana walivua kofia zao. Mzee akajifanya anafuta gitaa.

Jioni alianza kukohoa. Kesho yake hakuinuka. Hospitali walisema ni mapafu, wakamrudisha nyumbani.

Ndipo fundi mitambo wa studio akaja, hatazami mtu usoni. Kanda yao ilikuwa na nafasi moja tu ya sauti. Mtu akishaimba, wimbo wake hunakiliwa kwanza pembeni, ndipo anaingia mwingine. Wa Mama Pasi alisahau kuunakili, akamwimbisha mtu juu yake.

"Imefutika, mama. Nisamehe."

"Yote?"

"Yote."

Mzee alitaka kumkunja shati. Mikono ikagoma.

Fundi akarudi na mashine yake mpaka chumbani. Mama Pasi akaegemezwa mito. Wajaribu kwanza, fundi alisema, atanasa akishazoea. Mstari wa kwanza ulitoka. Wa pili ukakatika katikati, pumzi imekwisha. Mzee alimshika mgongo. Angempa mapafu yake, lakini hayavuliwi kama koti. Wakarudia. Ikawa vilevile. Hakuna kilichonaswa.

Alizikwa kabla santuri haijatoka.

Sasa inapigwa kila mahali. Waimbaji wote wamepanda juu ya besi ya mzee, ila kuna sehemu moja mdundo unakwenda peke yake mpaka mwisho. Kinyozi alimuuliza, wembe uko shingoni, "Mzee wangu, hapa mlikosa mwimbaji?"

Mzee hana kanda, hana hata kikohozi cha mkewe. Kilichobaki ni maneno ambayo mkewe alimwambia fundi mitambo siku ile chumbani, alipoisukuma maikrofoni kando:

"Pigeni mdundo mtupu. Huyu mume wangu anajua ninapoingia."